Kabla ya Rangi Mpya: Juu ya Kubandua Rangi Kuukuu kwenye Magari ya Kale

Mhadhara wa wazi kwa mafundi, walimu, wanafunzi na wapenzi wa magari ya kale, Mombasa

   

Nashukuru kwamba niliachiwa nichague mada mwenyewe, maana hii niliyoichagua haina wapenzi wengi. Watu wakizungumzia kulikarabati gari la kale, huzungumzia injini, au rangi mpya inavyong'aa siku ya maonyesho. Kazi iliyo katikati, ile ya kuondoa rangi ya zamani mpaka bati lionekane, hupewa kijana aliyeanza juzi. Anakabidhiwa msasa na ndoo ya maji, anaambiwa neno moja tu: "Kwangua."

Shabaha yangu jioni hii ni kuwashawishi kwamba kubandua rangi ndiyo sehemu ya ukarabati inayotaka akili kuliko zote, kwa kuwa hairudi nyuma. Rangi mpya ikitiririka, utaisugua na kuipuliza upya. Injini ikifungwa vibaya, itafunguliwa. Lakini bati likishajikunja kwa mchanga, au likishaliwa na dawa, au maandishi ya miaka 60 yakishafutwa kwa grenda, hakuna duka la vipuri Mombasa wala Nairobi litakalokurudishia. Nina hoja tano. Nitakaa sana kwenye baadhi na nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kadiri ninavyoona zinavyopuuzwa huko gereji.

Hoja ya kwanza: rangi kuukuu isomwe kabla ya kuondolewa

Nianze na gari moja. Ni Land Rover Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Lililetwa kwetu na mzee mmoja aliyelirithi kwa baba yake. Lilikuwa la kijani kibichi kilichopakwa kwa brashi, na brashi yenyewe iliacha nywele zake ndani ya rangi. Mzee alitaka bodi yote ibanduliwe, aanze upya.

Kabla ya kugusa dawa yoyote, nilimwambia mwanafunzi wangu afungue dirisha. Dirisha, kwa lugha ya karakana yetu, ni duara dogo, ukubwa wa kisahani cha kahawa, linalosuguliwa kwa maji na msasa laini. Unaanza na namba 400, kisha 800, unamalizia kwa 1200, huku kidole kikizungukazunguka na shinikizo likipungua kadiri unavyotoka katikati. Ukimaliza, unaona rangi zimejipanga duara ndani ya duara kama pete za gogo lililokatwa. Nje kabisa kijani cha brashi. Ndani yake nyeupe iliyozeeka ikawa kama maziwa ya unga. Kisha kijivu cha praima, kisha kijani kingine kilichopauka, kisha praima ya kiwandani, na katikati alumini yenyewe inang'aa. Kwa nusu saa, kwa kipande cha msasa cha bei ya chai na mandazi, tulikuwa tumejua gari limepakwa mara ngapi na kwa utaratibu gani.

Dirisha la pili tulilifungua kwenye mlango wa kulia. Pale chini ya kijani cha brashi, juu ya ile nyeupe, palijitokeza mkunjo mweusi. Kijana akataka kuendelea kusugua, nikamshika mkono. Tulibadilisha msasa, tukachukua ule wa 1500, tukaenda polepole kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Mkunjo ukawa mstari, mstari ukawa herufi Z. Tukasogea kulia: A. Kisha H. Kufikia alasiri mlango mzima ulikuwa unasomeka ZAHANATI, kwa herufi zilizoandikwa kwa mkono na mtu aliyejua kazi yake.

Mzee alikaa juu ya tairi kuukuu, hakusema kitu kwa muda. Baadaye alituambia kwamba baba yake siku zote alisimulia kuwa alikuwa dereva wa gari la zahanati, na kwamba lilipopigwa mnada alilinunua mwenyewe kwa sababu hakuwa tayari kuona mtu mwingine akiliendesha. Watoto walidhani ni hadithi ya mzee. Hatukuubandua mlango ule. Tuliusafisha, tukauhifadhi, na umebaki na herufi zake hadi leo.

Nasimulia haya kwa sababu kuna watu wanadhani kusoma rangi ni anasa ya makumbusho ya Ulaya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 hati iitwayo Mkataba wa Turin, na moyo wa hati hiyo ni kwamba gari la kale lihifadhiwe kwanza, na mkono wa mkarabati uingilie kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Nakubaliana nayo. Lakini hata hati hiyo isingekuwapo, sisi tuna sababu zetu. Magari ya hapa yaliishi maisha ya kazi. Yalibeba wagonjwa, walimu, barua, katani. Peugeot 404 zilizofika hapa miaka ya 1960 ni ndugu wa zile zilizoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, njia zilikuwa tope tupu, yakamaliza magari 7 tu, na mara zote mbili gari la kwanza lilikuwa 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki. Magari ya mbio yaliuzwa baadaye, yakapakwa rangi, yakaingia mitaani kama magari mengine. Anayesugua mlango wa 404 ya miaka ile bila kufungua dirisha hajui anafuta nini.

Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na nayapenda kwa dhati. Yamewafanya watu wengi waone thamani ya magari ambayo yangeuzwa kama chuma chakavu. Ninachowaomba wenye magari ni hiki: mkiwa na rangi ya kiwandani iliyo nzima, hata kama imepauka, msiibandue kwa tamaa ya kung'aa. Isafisheni na mng'arishe iliyopo. Rangi ya kwanza haiji mara ya pili.

Kuhusu vipimo, nitasema kwa ufupi. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 150; unywele wa mtu ni kama 70. Ukiona 300, gari limepakwa tena. Ukiona elfu moja na zaidi, hapo chini kuna bodi fila, na chini ya bodi fila kuna habari ya ajali au kutu. Asiye na kifaa achukue sumaku ya spika iliyokufa, aifunge kwa kitambaa laini, aipitishe pembeni pembeni mwa milango na madigadi. Inaposhika kwa nguvu ni chuma. Inapolegea ni fila. Isiposhika kabisa mahali popote, basi huenda hiyo bodi si chuma, na hapo ndipo inapoingia hoja yangu ya pili.

Hoja ya pili: lijue bati kabla ya kuchagua silaha

Niwaulize, ni wangapi humu ukumbini mmewahi kuloweka vipande vya gari kwenye pipa la kostiki soda? (Mikono mingi ikainuliwa.) Ahsanteni. Nami nimewahi. Kostiki, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, inabandua rangi kuukuu kwenye chuma kwa ustadi mkubwa, na chuma hakidhuriki. Basi gereji nilikojifunzia kazi walikuwa na pipa hilo uani, na kila kipande kiliingia humo.

Siku moja ikaletwa milango ya Land Rover. Tukaizamisha. Baada ya dakika chache maji yalianza kuchemka bila moto. Povu lilipanda, pipa likawa la moto hata hukuweza kuligusa, na mvuke ukatupalia koo. Tulidhani dawa inafanya kazi vizuri siku hiyo. Tulipoitoa milango, fremu za ndani, ambazo ni chuma, zilikuwa safi kama mpya. Ngozi ya nje ilikuwa chujio.

Kilichotokea ni rahisi. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, lakini alumini ilipatikana. Bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Chesi na ukuta wa mbele wa injini vikabaki chuma. Sasa, kostiki hula alumini. Inapoila hutoa joto na gesi ya hidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Tulikuwa vijana wanne tumelizunguka pipa lile, na mmoja wetu alikuwa anavuta sigara. Ni kwa rehema ya Mungu tu kwamba nasimama hapa.

Kwa hiyo kila kipande kiulizwe wewe ni nini. Chuma kina njia zake. Alumini ina zake, tena Land Rover hiyo hiyo ina mikanda ya chuma kilichopakwa zinki juu ya mabega ya bodi, na ukiipiga mchanga unaondoa zinki ambayo ndiyo imeilinda miaka yote. Bodi za faibaglasi dawa kali huzilainisha, kwa hiyo hizo ni msasa na subira tu. Na katika magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960, maungio ya paa na madigadi yalijazwa risasi, yaani madini ya risasi yaliyochanganywa na bati jeupe la kulehemia. Mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Bomba la hewa moto la kubandulia rangi hutoa joto zaidi ya mara mbili ya hapo. Nimeona fundi hodari akilenga hewa moto kwenye pembe ya paa, rangi ikavimba vizuri, akaikwangua, na ungio lote likamwagika sakafuni kama uji.

Na rangi nayo iulizwe. Tia thina kwenye kitambaa cheupe, kisugue mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi, na sehemu ile ikawa inanata, hiyo ni rangi ya selulosi. Rangi hizo zilibadilisha kazi yetu. Kabla yake gari liliweza kukaa wiki kadhaa likipakwa vanishi tabaka kwa tabaka na kungoja zikauke. Magari ya Oakland ya mwaka 1924 yalipotoka na selulosi iitwayo Duco, ya kampuni ya DuPont, kusubiri huko kukapungua sana. Selulosi kuukuu huwa ngumu na hupasuka, na mara nyingi hutoka kwa kwangulio peke yake. Kitambaa kikibaki cheupe, rangi imepikwa tanurini au ni ile ya kuchanganywa na kigumishi, na itakutaka nguvu zaidi.

Hoja ya tatu: silaha zenyewe

Neno letu msasa lilikuwa jina la mti kabla halijawa karatasi ya dukani. Majani yake yanakwaruza, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Vivyo hivyo waundaji wa vyombo vya baharini hapa hukipandisha chombo pwani, wakakikwangua, ndipo wakakipaka shahamu upya. Nataja haya ili vijana wajue kwamba kukwangua si kazi duni iliyoletwa na magari. Ni ufundi wa watu wa mwambao tangu zamani, na waliofanya hivyo walijua kwamba mbao ya chombo haina unene wa kuchezea.

Bati la gari lina unene mdogo zaidi: katika magari mengi ya enzi hizo, kama milimita 0.8 hadi 1. Liwekeni hilo akilini wakati wote.

Kwangulio ndilo ninalolipenda kuliko zote. Wembe mpana uliofungwa kwenye mpini, umeshikwa ukilala karibu na bati, unasukumwa mbele kwa urefu wa kiganja. Rangi iliyopasuka inatoka vipande vipande, inasikika tik, tik, na vumbi halipo. Kwenye boneti ya gari dogo ni kazi ya siku nzima. Siku hiyo haipotei, kwa sababu mkono wako unapita juu ya kila sentimita na unajua kila kibonyeo kilipo.

Msasa wa mashine unaozunguka na kutikisika ni wa pili. Namba 80 inatosha. Namba 36 inaacha mifereji ambayo utaijaza kwa praima kisha itaonekana tena jua likiipiga. Mashine ilale sawasawa, isisimamishwe kwenye ukingo. Na grenda yenye jiwe gumu isiguse ngozi ya mlango wala boneti, kamwe. Joto linakusanyika mahali pamoja, bati linatanuka, likipoa linabaki limetuna. Ukilibonyeza linasema "po", ukiliachia linasema "po" tena. Bwana pale nyuma anacheka kwa sababu anaujua mlio huo, na najua hakucheka siku alipousikia kwake.

Sasa mchanga. Hapa nataka kutulia. Watu wengi wanaamini kwamba mchanga unaopulizwa kwa kompresa unakunja bati kwa joto. Joto lipo kidogo, lakini sababu kubwa ni nyingine. Kila chembe inayogonga bati ni nyundo ndogo. Nyundo maelfu kwa maelfu zinapogonga uso mmoja, uso huo unatanuka na ule wa nyuma unabaki kama ulivyo. Basi bati linajipinda kuelekea kule lilikopigwa, kama chapati inavyojikunja kwenye kikaango. Paa na boneti, zilizo pana na hazina mikunjo ya kuzishikilia, ndizo za kwanza kuharibika, na hakuna nyundo ya kurudisha wimbi la paa zima. Mchanga, au tuseme kokoto za chuma na ganeti, una mahali pake: chesi, ekseli, mikono ya springi, vitu vinene vyenye kutu ya ndani. Anayewaambia atapiga mchanga gari zima kwa siku moja na kwa bei nzuri, mshukuruni na mwondoe gari lenu pale.

Kuna njia ya upole zaidi, nayo ina uhusiano na ardhi yetu. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokarabatiwa miaka ya 1980, ndani yake shaba ilikuwa imefunikwa na tabaka saba za rangi, na chini yake lami ya makaa. Rangi waliitoa kwa naitrojeni ya maji, baridi kali inayoifanya ipasuke. Lami waliiondoa kwa kupuliza bikaboneti ya sodiamu, na shaba haikudhurika. Bikaboneti ni ndugu wa karibu wa magadi tunayoyatia kwenye maharage, na Ziwa Magadi limechimbwa magadi kibiashara tangu miaka ya 1910. Chembe zake ni laini. Zikigonga zinapasuka zenyewe badala ya kulipiga bati. Kwa paa na boneti, kama unaye mtu mwenye mashine, hiyo ni njia nzuri. Ila mjue mambo mawili. Haiondoi kutu. Na vumbi lake hujificha kwenye maungio, na lisipooshwa kwa maji mengi, rangi mpya itabanduka miezi michache baadaye, nanyi mtamlaumu aliyepaka.

Dawa za kubandulia nazizungumzia kwenye hoja inayofuata, kwa sababu hapo ndipo zinapostahili kuwekwa.

Hoja ya nne: mapafu ya fundi

Wenzangu, hii ndiyo hoja iliyonileta.

Dawa ya zamani iliyokuwa ikivimbisha rangi mbele ya macho yako ina dikloromethane. Inachemka kwenye nyuzi 40 hivi. Hapa Mombasa, kopo lililoachwa juani linaweza kukurukia usoni unapolifungua. Mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu ukatoka dirishani. Unashuka, unajaa kwenye shimo la kukagulia magari, unamngoja anayeshuka humo. Ukishaingia mwilini, mwili wenyewe unaubadilisha kuwa monoksaidi ya kaboni, gesi ile ile ya moshi wa gari. Watu wamekufa wakibandua rangi kwenye vyumba vilivyofungwa. Marekani ilizuia mwaka 2019 dawa hizo zisiuzwe kwa wateja wa kawaida, na mwaka 2024 ikapanua marufuku hadi kwenye matumizi mengi ya viwandani na ya biashara. Jumuiya ya Ulaya ilikwisha kuzibana kabla ya hapo. Zipo dawa nyingine, zenye alkoholi ya benzaili. Ni za polepole. Kwenye joto letu zinakauka kabla hazijafanya kazi, basi zipakwe nene, zifunikwe kwa nailoni, mtu aende akasali, akale, arudi. Saa tatu za kusubiri si hasara.

Vumbi nalo. Rangi za zamani za njano, za machungwa na nyekundu, na praima nyekundu ya kuzuia kutu, nyingi zilikuwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Fundi anayesugua kavu, akarudi nyumbani na shati lile lile, akampokea mwanawe mlangoni, amempelekea risasi. Sugua kwa maji kila inapowezekana. Vaa barakoa ya chujio inayobana uso; kitambaa cha leso hakizuii kitu. Shati la kazi lilale gereji, na lifuliwe peke yake.

Na mchanga wa ufukweni au wa mto, ule unaouona bure, una silika. Ukipigwa kwa upepo unavunjika ukawa vumbi lisiloonekana, linaingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Ugonjwa wake hauna tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga huo katika kazi ya kupuliza kwa kanuni za mwaka 1949. Fikirini: kabla Land Rover ya mzee wetu haijaundwa. Nilikuwa na rafiki tuliyeanza kazi pamoja. Alipuliza mchanga kwa miaka mingi akiwa amejifunga kitambaa, na alikuwa mwepesi, akipenda mpira. Miaka yake ya mwisho alikuwa akisimama mara mbili kupumzika kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, mwendo ambao mtoto anaumaliza kwa kukimbia. Hakuna gari, la kale wala jipya, lenye thamani hiyo. Walimu, nawaomba: mwanafunzi asiye na barakoa asiingie karakana, hata kama kesho ni mtihani.

Hoja ya tano: bati tupu lisilale

Hii ni fupi. Hewa yetu ina chumvi. Bati lililobanduliwa asubuhi Mombasa linaweza kuwa na wekundu kabla ya Magharibi, na alama ya kidole chenye jasho inaota kutu yenye umbo la kidole. Kwa hiyo usibandue gari zima. Bandua kipande ambacho una uhakika utakipaka praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Kutu iliyobaki kwenye vishimo itiwe dawa ya asidi ya fosfori, isafishwe kama kopo linavyoelekeza, ikauke. Alumini haioti kutu nyekundu, lakini hufunikwa haraka na utando ambao rangi ya kawaida haiushiki, nayo inataka praima yake inayouma. Na pale alumini na chuma vilipokutana, utakuta unga mweupe. Uondoe wote, kisha uweke kitu cha kuvitenganisha kabla hujavifunga tena.

Kuelekea mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekaribia mwisho, na ningependa kutumia dakika zilizobaki kuomba mambo yanayowezekana mwaka huu huu.

La kwanza, karakana ya chuo hiki ipate chumba kimoja chenye feni ya kuvuta hewa nje, kilicho mbali na darasa la ushonaji. Hakihitaji fahari, kinahitaji ukuta, feni, taa na mlango unaofungwa. La pili, kila gari la kale linaloingia humu lifunguliwe madirisha matatu kabla ya kuguswa, na yapigwe picha, na kadi iandikwe: tabaka ngapi, rangi gani, bati la aina gani, fila iko wapi. Kadi hiyo ipewe mwenye gari na nakala ibaki chuoni. Baada ya miaka kumi mtakuwa na kumbukumbu ya magari ya pwani hii ambayo haipo mahali pengine popote. La tatu nawaambia vijana moja kwa moja. Mkiambiwa "kwangua", ulizeni nini, kwa nini, na mpaka wapi. Fundi mzuri hatawakasirikia kwa maswali hayo. Akikasirika, njooni kwangu.

Ile Land Rover ya zahanati bado iko kwetu. Mzee ametuachia kwa sababu ana subira, na kwa sababu tumebakiza mlango wa kushoto. Bado una kijani chake cha brashi, na hatujui chini yake kuna nini. Yaweza kuwa neno lingine, yaweza kuwa bati tupu. Jumatatu saa mbili asubuhi tutaufungua. Msasa wa 400 na wa 1500 upo, ndoo ya maji ipo, na barakoa nimeweka kumi na mbili mezani. Wanafunzi kumi na wawili wa kwanza, karibuni.